Kipimo cha Sita

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia kichwani huwa natafuta mahali pa kukaa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, katika chumba kidogo cha utafiti nilichokuwa nimepewa nyuma ya kliniki moja huku Temeke. Mbele yangu alikuwa amelala mwanamke wa makamo, mkono wake umenyooshwa juu ya mto, na mimi nimeshika mpira wa mashine ya presha, nampima kwa mara ya sita. Mara ya sita, sikia vizuri. Kanuni yetu ilisema tatu.

Leo watu wananiita Profesa. Nikipita Chang'ombe vijana wananiamkia, na wazee wenzangu wananisimamisha njiani wanitajie namba za presha zao, utadhani mimi ndiye ninayezigawa. Wengine wananiletea vitunguu saumu vyao niwathibitishie kwamba vinatosha bila vidonge, na nikiwaambia havitoshi wananuna. Nimewazoea. Ukubwa ni jalala, na nimeshatupiwa lawama nyingi za mambo nisiyoyafanya. Hili ninalokusimulia nimelifanya mwenyewe, kwa mikono yangu, tena kwa akili zangu timamu.

Yule mama aliitwa Bi Mwanahawa, Mzaramo wa hapahapa, mjane, mwenye nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati. Mimi nilikuwa mpangaji wake wa chumba cha mwisho kushoto. Nilikuja kutoka Tabora na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu, na siku ya kwanza tu aliponiona nayashusha aliangua kicheko.

"Nyie Wanyamwezi hamuachi asili," akasema. "Babu zenu walikuja pwani na mizigo kichwani, na we umekuja na wako. Umebeba nini humo, mawe?"

Nikamjibu kwamba ni vitabu, na kwamba yeye Mzaramo asingevijua kwa kuwa kwao kazi ni ngoma tu. Akafurahi kupita kiasi. Unajua makabila yetu ni watani, na mtani hana mlango wa kubisha. Tangu siku ile sikula tena peke yangu. Nikirudi kutoka chuoni nakuta sahani imefunikwa kawa, na juu ya kawa kuna kofia anayoishona, maana kazi yake ilikuwa kushona kofia za mkono, zile zenye vitundu vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi kwa sindano. Kofia moja ilimchukua wiki kadhaa. Waoaji walitoka Tandale na Ubungo kuja kuagiza kwake. Nilimpenda yule mama, mwanangu, na nataka ulijue hilo mapema, usije ukadhani kwamba nilimfanyia hivyo kwa sababu nilikuwa simjali. Watu wengi hudhani mabaya hufanywa na watu wasio na upendo. Si kweli.

Sasa nikueleze kazi yangu, kwa ufupi, maana wewe unayekwenda kuanza utafiti utaisoma kwa urefu. Mshipa wa damu si bomba la maji la chuma. Ni kitu hai. Ndani yake umetandikwa utando mwembamba sana, na utando ule ndio unaouamuru mshipa ulegee au ukaze. Ukiufunga mkono wa mtu kwa mkanda dakika tano damu isipite, halafu ukauachia, mshipa mzima hutanuka kuipokea damu inayorudi kwa kasi. Mshipa uliochoka hukaa vilevile, umekakamaa. Mimi nilikuwa nautazama utanukaji huo kwa mashine ya picha, ya aina ile wanayopimiwa wajawazito, nikitaka kujua kama mishipa ya watu wenye presha inachoka kabla hata hawajajihisi wagonjwa. Lilikuwa swali zuri, na mpaka leo nasema ni zuri.

Tatizo lilikuwa moja. Nilihitaji watu wenye presha ya juu ambao hawajaanza dawa, kwa sababu dawa huilegeza mishipa na kunivurugia vipimo. Tena kila mmoja nilitakiwa nimpime mara mbili, wiki tatu zikipita katikati. Watu wa namna hiyo walikuwa adimu, kwani aliyegundulika zahanati alipewa vidonge palepale, kama inavyotakiwa. Mashine ya picha ilikuwa ya kuazima, inarudi kwa wenyewe mwisho wa mwezi unaofuata. Msimamizi wangu alishaniambia wazi kwamba nisipotimiza watu ishirini hakuna shahada, nifunge virago nirudi Tabora. Nilikuwa nao kumi na tisa.

Nitakuambia jambo la aibu. Nilifikia mahali pa kufurahi nikisikia mtu ana presha na bado hajatibiwa. Moyo ulikuwa unaruka! Nilikuwa naona namba ya ishirini inakuja, simwoni mtu.

Siku moja, kwa mzaha tu, nilimpima Bi Mwanahawa akiwa amekaa mkekani ukumbini. Akanikejeli nisije nikamnyonya damu. Zebaki ilipanda juu, ikapita nilipotarajia, na masikioni nikausikia mdundo ukigonga mapema mno. Nilimuuliza kama ameshawahi kutumia dawa za presha. Akasema hajawahi kumeza hata cha kichwa, labda mchaichai. Ndipo nikamwomba aje kwenye utafiti. Sikumwomba aende hospitali, mwanangu. Nilimwomba aje kwangu.

"Kama huo mshipa wangu utakupatia hayo makaratasi yako, si uchukue?" akasema. "Mie nautumia kwa kazi gani nyingine?"

Basi ile Ijumaa akaja, amevaa kanga mpya, amejifukiza udi kama anakwenda harusini. Katika chumba kile nilikuwa na muuguzi mmoja mtu mzima, Sista Paskalina, aliyekaribia kustaafu. Mimi napima, yeye anaandika kwenye daftari lake la mistari. Kanuni zetu zilikuwa zimebandikwa ukutani na mimi mwenyewe. Mtu apimwe mara tatu akiwa ametulia, kipimo cha kwanza kiachwe, na viwili vya mwisho vitafutiwe wastani. Wastani wa namba ya juu ukifika mia moja themanini au zaidi, mtu huyo hafai kwa utafiti. Anaandikiwa barua, anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo aanze dawa. Hakuna mjadala.

Kipimo cha kwanza kilikuwa mia moja tisini na sita. Cha pili, mia moja tisini na mbili. Cha tatu, mia moja tisini.

Hapo ndipo nilipopaswa kuweka mpira chini. Hapo, mwanangu. Badala yake nilimwambia Bi Mwanahawa afumbe macho apumzike kidogo, kwamba labda ni ule mwendo wa kuja. Nikazima feni iliyokuwa ikipiga kelele. Nikangoja robo saa nzima. Nikapima tena, mia moja themanini na nne. Nikangoja. Mia moja themanini na moja. Sista Paskalina aliacha kuandika akanitazama juu ya miwani yake.

"Dokta, hii inakuwa ya ngapi?"

"Alikuwa hajatulia, Sista."

"Katulia tangu saa mbili. Mtu ukimlaza kitandani asubuhi nzima lazima ishuke. Akitoka hapo nje akavuka barabara itarudi kulekule." Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzee huu: "Mwanangu, wewe unampima mtu au unaipima karatasi yako?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba mtafiti ni mimi, na kwamba kazi yake ni kuandika anachoambiwa. Mtu wa umri wa mama yangu! Akainamisha kichwa. Nikapima mara ya sita, nikapata mia moja sabini na sita, nikaagiza viandikwe vitatu vya mwisho peke yake kwenye fomu, kama kwamba ndivyo vya kwanza na ndivyo vya pekee. Ukitafuta wastani wa viwili vya mwisho unapata chini ya mia moja themanini. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kila tarakimu kwenye fomu ile ilikuwa ya kweli, na fomu nzima ilikuwa uongo.

Baada ya pale nikaupima mshipa wake. Ulikuwa umekakamaa kuliko mishipa yote niliyowahi kuiona. Nilipouachia mkanda haukutanuka hata kidogo. Nikafurahi, kwa kuwa picha ile ingeipendezesha tasnifu yangu.

Nilimsindikiza mpaka nje. Nilimwambia presha yake iko juu kidogo, arudi baada ya wiki tatu tummalizie kipimo, halafu mimi mwenyewe nitampeleka kwa daktari mzuri. "Ila usianze dawa yoyote kwanza," nikasema. "Utaniharibia kazi." Nilisema nikicheka, kwa utani wetu ule. Naye akaapa kwamba hatameza hata mchaichai.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Katika wiki ya tatu akaanza kulalamika kwamba kisogo kinamuuma. Alisema anaona vimulimuli mchana kweupe, sindano inakosa tundu la kofia. Binti yake Zainabu, aliyekuwa rika langu na kuolewa nyumba ya tatu kutoka pale, alikuja akitaka kumpeleka zahanati. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, mlango wazi, na nilisikia kila neno, hata jina langu likitajwa.

"Sitoki," Bi Mwanahawa akamwambia. "Felista kasema nisubiri Ijumaa."

"Mama, Felista si Mungu."

"Si Mungu, lakini kasoma. We umesoma?"

Zainabu akaja mlangoni kwangu. Akaniuliza kwa heshima, "Dada, kwani kuna ubaya akienda leo?" Nikainua macho kutoka kwenye karatasi zangu nikamwambia zimebaki siku tatu tu, hakuna kitakachoharibika katika siku tatu. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nangojesha, na tumbo lilikuwa la mwenzangu.

Siku iliyofuata, Jumatano, asubuhi, napiga pasi blauzi yangu, nikasikia kitu kidogo kikianguka ukumbini. Kilikuwa kile kikopo chake cha nyuzi. Nilipotoka nilimkuta Bi Mwanahawa bado amekaa mkekani na kofia mapajani, anautazama mkono wake wa kulia kwa mshangao. Vidole vilikuwa vimelala. Akataka kuniambia kitu, na upande mmoja wa mdomo ukakataa kwenda na mwenzake.

Nilijua ni nini kabla sijamgusa. Nilikuwa nimesomea.

Hakufa. Hospitalini walifanya walichoweza, dawa zikaanza, zile ambazo zingeanza ile Ijumaa. Akarudi nyumbani na mkono wa kulia usioinuka, mguu wa kuburuta na ulimi uliobakiwa na maneno machache. Kofia ile haikumalizika. Aliyeiagiza alikuja kuichukua ikiwa nusu, na kwa adabu akasema imependeza hivyohivyo.

Siku ya nne baada ya kiharusi Sista Paskalina alinifuata chuoni, amevaa sare yake, na daftari la mistari kwapani. Alilifungua mbele yangu. Vilikuwamo vyote sita, kwa mwandiko wake wa duara, pamoja na saa ya kila kipimo. Vile nilivyomkataza kuandika kwenye fomu aliviandika kwenye daftari.

"Sikuja kukushitaki," akasema. "Nimekuja kukupa nafasi uende mwenyewe. Nenda kwa msimamizi wako, halafu nenda kwa yule mama. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya uliyonayo wewe ni maradhi vilevile."

Nikalia. Nikamwahidi nitakwenda. Akanishika bega, akaniamini, akaondoka. Na alipostaafu mwaka uleule akarudi kwao Songea, akiamini hivyo.

Sikwenda. Nilikwenda kwa msimamizi, ndiyo, lakini nilimwambia kwamba mshiriki wa ishirini ameugua hawezi kurudi. Akasema pole, akanikubalia watu kumi na tisa, kwa urahisi kabisa. Umesikia? Watu kumi na tisa walitosha. Ningemwomba mapema angenikubalia, lakini sikumwomba, kwa kuwa niliogopa kuonekana nimeshindwa. Kwenye tasnifu, katika ukurasa wa washiriki, nikaandika kwamba mshiriki mmoja hakupatikana kwa kipimo cha pili. Hakupatikana! Na nilipokuwa nikiiandika sentensi ile nilikuwa namsikia ng'ambo ya ukumbi akijaribu kulitamka jina la binti yake.

Shahada nikapata. Kazi nikapata. Sikuhama pale. Miaka sita nilikaa nikimuuguza, kila asubuhi nampima, nahakikisha amemeza vidonge, namkanda mkono, naonja mboga kama imezidi chumvi. Nilipokuwa na safari nilimwachia Zainabu maagizo yameandikwa. Majirani walinisifu mpaka nikawa mfano. "Mpangaji kama mtoto wa tumbo," walisema, na akina mama waliwasema binti zao kwa jina langu. Zainabu mwenyewe aliniambia siku moja akinishika mkono, "Dada, bila wewe na mashine zako mama angekufa siku ile." Nikaupokea mkono wake. Nikasema, "Tumshukuru Mungu."

Hakuna fimbo inayouma kama kushukuriwa na uliyemdhulumu, mwanangu. Tena unaizoea. Hilo ndilo baya zaidi.

Usidhani sikutaka kusema. Nilitaka kila siku. Ilikuwapo Idd moja, tumebaki wawili ukumbini, yeye akanisogezea sahani ya biriani kwa mkono wa kushoto, taratibu, isimwagike, akaniita, "Feli." Ndilo alilolimudu katika jina langu. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, kuna jambo." Akanitazama akisubiri. Mara wageni wakapiga hodi, Zainabu akaingia na watoto, na kelele za Idd mubaraka zikajaa nyumba. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi kuingiliwa. Nikajiambia nitamwambia kesho, na kesho ile ikapewa kesho yake.

Akafariki Alhamisi moja asubuhi, bila kusumbua mtu.

Sasa nisikilize hapa. Kabla jeneza halijatolewa nyumbani, kaka yake alisimama mlangoni, akatangaza kama inavyotangazwa siku zote, kwamba marehemu alikuwa binadamu, ameishi na watu, na yeyote aliyekosewa naye basi amsamehe. Watu wakaitikia, wanaume uani na sisi wanawake ndani, "Tumemsamehe!" Na mimi nikaitikia. Kwa sauti. Nilimsamehe Bi Mwanahawa, mwanangu, ambaye hakuwahi kunikosea hata kwa neno, mbele ya mwili wake. Nilipofumba mdomo nikawa nasubiri wamuulize na yeye upande wake, kama kuna aliyemkosea. Hilo huwa halitangazwi. Marehemu hana tena wa kumjibia.

Kwa desturi yetu, mtani msibani huchekesha. Walinitegemea nivae nguo zake, nitembee kama yeye, niwatoe wafiwa machozi. Nilishindwa kuinuka mkekani. Wakanionea huruma, wakasema mtani amezidiwa na uchungu.

Miaka ikaenda. Nikajenga kibanda changu Chang'ombe, nikafundisha, nikazeeka. Zainabu akabaki rafiki yangu. Mwaka juzi alikuja kwangu, naye sasa ni bibi wa wajukuu, amekunja karatasi ya zahanati kwenye pindo la kanga. Presha yake ilikuwa imekutwa juu, amepewa vidonge, na vidonge bado vimefungwa. Akakaa, akavua viatu, akaniuliza swali lilelile aliloniuliza zamani juu ya mama yake.

"Dada, nianze hizi dawa, au nisubiri kwanza? Mie najisikia mzima tu."

Nikaenda ndani nikaleta maji. Nikamwambia ameze pale pale, mbele yangu, na nikangoja mpaka akameza. Halafu nikamwambia yote. Ishirini, kumi na tisa, vipimo sita, feni niliyoizima, siku tatu nilizomwambia hazitaharibu kitu. Sikuacha hata moja. Nilikuwa natazama miguu yake muda wote, kwa sababu uso nilishindwa.

Wajukuu wa jirani walikuwa wanacheza rede nje, tunawasikia wanavyogombana. Hatimaye akasema:

"Nilikuja mlangoni kwako nikakuuliza. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mie miaka yote hii nimekuwa nikijilaumu mwenyewe. Nasema ningemburuta tu. Ningembeba hata mgongoni." Akafunga pindo lake. "Ungeniambia tu, hata baadaye, ungenitua huo mzigo. Umeniacha nao, unaniona."

Nikamwomba msamaha. Nilitaka kumshika miguu, akaiondoa, bila ukali.

"Kwa yangu mimi, labda, Mungu akinijalia, nitakusamehe. Bado. Lakini kwa ya mama usiniombe. Haki ya mtu husamehe mwenyewe. Mie sina mamlaka nayo." Akavaa viatu. "Alikuwepo miaka sita, dada. Mlango kwa mlango."

Nilimwandikia mkuu wa chuo baadaye, nikaeleza kila kitu. Walinijibu kwa heshima kubwa kuliko niliyostahili, kwamba ni zamani, msimamizi alishatangulia, na fomu hazionekani. Kwa hiyo hata adhabu nimeikosa. Na Zainabu tunaonana. Tukikutana njiani tunasalimiana, anauliza hali, nauliza wajukuu. Presha yake anakwenda kupimwa zahanati, anapanga foleni na wenzake tangu alfajiri, na nyumba yangu anaipita.

Basi, mwanangu, hiki ndicho nilichonacho. Utafiti ni kazi njema, usije ukaukimbia kwa ajili yangu. Ukiingia humo, kipimo kinachokukera ndicho ukiandike kwanza, kwa wino, kabla hujapata nafasi ya kukizoea. Namba ikikataa kukupa unachotaka, iache ikatae. Anayeulaza mkono wake mbele yako amekuamini hata kabla hujamwambia chochote, na hakuna swali duniani, hata liwe zuri namna gani, linalostahili siku tatu za mtu mwingine. Ukikatazwa na aliyekutangulia, hata kama ni mwandishi wa daftari tu na wewe ndiye msomi, nyamaza umsikilize. Kama presha imepanda, iwe yako au ya mama yako au ya mwenye nyumba wako, dawa ni leo. Haisubiri uumwe.

Na ukikosa, maana utakosa, usijitie kumuuguza mtu badala ya kumwambia ukweli. Mimi nilimpa yule mama uji, dawa na mikono yangu kwa miaka sita, na alichokuwa na haki nacho ni maneno mawili tu: nilikukosea, nisamehe. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu amekuja na hana pa kwenda, namlea.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono ulio mwepesi kwa mgonjwa na mzito kwa uongo. Akuweke karibu na watu wa kukuambia hapana. Na siku utakapomkosea mtu, akupe ulimi wa kuwahi, umkute angali hai, anakusikia, na ana uwezo wa kukujibu.